Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Ukishinda Zawadi Kuu ya Bahati Nasibu

Hakuna anayekosa jibu akiulizwa angefanya nini na mabilioni. Kila mtu ana nyumba yake, gari lake na safari yake kichwani. Maswali ya hapa chini ni yale yanayofuata baada ya nyumba, gari na safari. Huulizwa na wanaoota, na wachache ambao ndoto imewaangukia kweli. Majibu yanahusu zawadi kubwa mno, ya kugeuza maisha. Aliyeshinda fedha za kununua friji anunue friji.

## Kabla ya yote

Nafasi ya kushinda ni ndogo kiasi gani hasa?

Katika Powerball ya Marekani mchezaji huchagua namba 5 kati ya 69, na nyingine 1 kati ya 26. Michanganyiko inayowezekana ni 292,201,338, na mmoja tu ndio unaoshinda zawadi kuu. EuroMillions ya Ulaya ina michanganyiko 139,838,160.

Namba kama hizo hazimwingii mtu akilini, basi zigeuze ziwe muda. Mtu achague kwa siri sekunde moja ndani ya miaka 9 na miezi 3 iliyopita, kisha wewe uitaje hiyohiyo kwa jaribio moja. Hiyo ndiyo Powerball. Ukinunua tiketi kumi umepata sekunde kumi.

Kuna namba zilizo bora kuliko nyingine?

Za kushinda, hapana. Za kushinda peke yako, ndiyo. Watu wengi hucheza tarehe za kuzaliwa, kwa hiyo namba 1 hadi 31 zina msongamano. Zikitoka, zawadi hugawanywa kwa wengi. Mwezi Desemba 2020 droo ya PowerBall ya Afrika Kusini ilitoa 5, 6, 7, 8, 9 na 10 kwa mfuatano. Watu wakashuku wizi, lakini tiketi 20 zilikuwa na namba hizo na kila moja ikaondoka na sehemu tu ya zawadi. Miaka 15 kabla ya hapo, Machi 2005, watu 110 nchini Marekani walishinda zawadi ya pili ya Powerball kwa pamoja. Waandaaji walishtuka, hadi ilipobainika kwamba namba zilitoka kwenye vikaratasi vya ubashiri vinavyotiwa ndani ya biskuti za migahawa ya Kichina.

Anayekuuzia kanuni ya kubashiri namba angekuwa anaitumia mwenyewe. Ni kweli kwamba mwandishi Voltaire na mwanahisabati La Condamine walijitajirisha kwa bahati nasibu ya serikali ya Ufaransa mnamo 1729 na 1730. Lakini walichogundua kilikuwa kosa la waliotunga kanuni: mtu aliyekusanya tiketi za kutosha alirudishiwa zaidi ya alichotoa. Haikuwa siri ya namba.

Ni upuuzi kupanga matumizi wakati sijashinda?

Hapana, ndoto ndiyo sehemu kubwa ya unachonunua kwa bei ya tiketi. Tatizo ni kuikopea. Mbeleko haikatwi mwana hajazaliwa.

## Siku za kwanza

Nimehakiki namba mara tatu na ni zangu. Nianze na nini?

Anza kwa kufanya mambo machache kadiri iwezekanavyo. Piga picha tiketi mbele na nyuma, iweke mahali salama pasipo maji, moto wala watoto, kisha nyamaza. Kwa bahati nasibu nyingi tiketi isiyo na jina ni kama noti: aliyeishika ndiye mwenyewe. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kuisaini nyuma.

Kuna tahadhari moja hapo. Kama sheria za unakocheza zinaruhusu zawadi ichukuliwe kwa jina la udhamini (mfuko wa kisheria unaoshika mali kwa niaba yako) badala ya lako, muulize wakili kabla ya kushika kalamu. Mwaka 2018 mshindi wa dola milioni 559.7 katika jimbo la New Hampshire alishasaini jina lake ndipo akagundua kwamba angeweza kusaini kwa jina la udhamini. Ilimbidi aende mahakamani ili jina lake lisitangazwe. Alishinda, ila alilazimika kupigania kitu ambacho angekipata bure kwa kuchelewa siku mbili.

Nina muda gani wa kudai zawadi?

Hutegemea mchezo. Uingereza ni siku 180. Marekani hutofautiana kwa majimbo, kuanzia siku 90 hadi mwaka mzima. Soma nyuma ya tiketi na kanuni za mwandaaji. Muda huo unatosha kabisa kumpata wakili na mhasibu, kwa hiyo usikimbilie ofisini asubuhi ya kesho yake. Usijisahau pia: mwaka 2012 tiketi ya EuroMillions ya zaidi ya pauni milioni 63 iliyonunuliwa Uingereza haikudaiwa hadi muda ukaisha, na fedha zikaelekezwa kwenye miradi ya jamii. Mahali fulani yupo aliyeifua suruali yenye milioni 63 mfukoni.

Nimwambie nani?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na wanaharibu saa ya kwanza. Furaha haina subira, inatafuta simu. Unampigia mmoja tu, yule unayemwamini kuliko wote, naye anamwambia mmoja tu anayemwamini kuliko wote. Kufika jioni jambo liko mtaani.

Kipimo chetu ni hiki: mwambie yule tu ambaye bila yeye huwezi kuchukua hatua inayofuata. Kwa kawaida hao ni mwenzi wako wa ndoa, wakili na mhasibu. Mama yako atakusamehe kwa kumwambia baada ya mwezi. Atakachoshindwa kukitengua ni kile alichowasimulia wenzake kwa furaha ya mzazi.

Siri ina faida nyingine isiyozungumzwa. Kabla watu hawajajua, bado wanakupenda kwa sababu zilezile za jana, nawe bado unaweza kuyapima mahitaji yao kwa macho yako. Wakishajua, kila salamu utaitilia shaka, hata ile ya kweli.

Naweza kuficha jina langu?

Uingereza mshindi ndiye anayeamua kujitangaza au la. Marekani kila jimbo lina lake: Delaware huruhusu usiri, California hutangaza jina la mshindi. China washindi wengine hupokea hundi mbele ya kamera wakiwa wamevaa vinyago na mavazi ya wanyama, na picha zake huchekesha mpaka ujiulize kama wewe usingefanya hivyohivyo. Mahali ambapo jina ni lazima litangazwe, badilisha namba ya simu na funga kurasa zako za mitandao ya kijamii kabla ya kwenda kudai.

## Fedha zenyewe

Nichukue mkupuo mmoja au malipo ya awamu?

Kwanza elewa kwamba kiasi kinachotangazwa na kiasi kilichopo si kitu kimoja. Novemba 2022 tiketi moja ya Powerball ilishinda dola bilioni 2.04. Hiyo ilikuwa jumla ya malipo ya miaka mingi. Thamani ya mkupuo ilikuwa dola milioni 997.6, kabla ya kodi.

Awamu za Powerball ni malipo 30 katika kipindi cha miaka 29, kila moja ikizidi iliyotangulia kwa asilimia 5. Kwa zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 100, malipo ya kwanza ni takriban milioni 1.5 na ya mwisho takriban milioni 6.2.

Washindi wengi huchagua mkupuo, na wahasibu wengi huutetea: fedha iliyo mkononi inaweza kuwekezwa ikazaa. Hoja hiyo ni sahihi kwa mtu anayewekeza kweli. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika hata mshahara wa miezi sita kwa pamoja, sisi tunaziona awamu kuwa kinga. Mwenye mkupuo akikosea, amekosea mara moja kwa yote. Mwenye awamu akiziharibu zote za mwaka huu, mwakani analipwa tena.

Kodi itachukua kiasi gani?

Uingereza, Kanada na Ujerumani hazitozi kodi zawadi yenyewe ya bahati nasibu. Hispania hutoza asilimia 20 ya kinachozidi euro 40,000. Marekani hukata asilimia 24 papo hapo kama kodi ya zuio ya serikali kuu, lakini kiwango cha juu cha kodi ya mapato ni asilimia 37, kwa hiyo bado unadaiwa. Hapo hujagusa kodi ya jimbo. Washindi wameshawahi kununua majumba kwa fedha ambazo kwa hakika zilikuwa za mamlaka ya kodi.

Hata pale ambapo zawadi haitozwi, kile inachozaa hutozwa: riba, gawio la hisa, kodi za pango. Kabla ya kutumia chochote, tenga sehemu ya kodi kwenye akaunti yake na ujifanye haipo.

Niziweke benki gani?

Si benki moja. Kinga ya amana ina ukomo: Marekani ni dola 250,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki, na Umoja wa Ulaya ni euro 100,000. Kinachozidi hapo, benki ikianguka, unasubiri pamoja na wadai wengine. Kwa sababu hiyo fedha nyingi hupelekwa kwenye hatifungani za serikali za muda mfupi, yaani mikopo unayoipa serikali kwa riba, wakati mwenyewe akitafakari. Hazikupi utajiri wa haraka, na huo tayari unao.

Kwa mwaka nitumie kiasi gani zisiishe?

Mwaka 1994 mshauri wa fedha William Bengen alipitia historia ya masoko ya Marekani. Aliona kwamba mtu aliyewekeza katika mchanganyiko wa hisa na hatifungani, akatumia asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kulingana na mfumuko wa bei, fedha zake zilidumu angalau miaka 30. Kijana anayetaka zidumu zaidi ya hapo ashuke hadi 3 au chini.

Zifanyie hesabu. Milioni 10 zilizobaki baada ya kodi, kwa asilimia 3, ni 300,000 kwa mwaka. Ni maisha mazuri, lakini si maisha ya ndege binafsi. Nyumba kubwa haiishii kwenye bei ya kununua: kuna walinzi, bima, matengenezo, kodi ya majengo na bustani isiyojikata yenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la tajiri ni nene kuliko la maskini.

Nimtafute mtaalamu wa aina gani?

Wakili wa mirathi na udhamini, mhasibu wa kodi, na mshauri wa uwekezaji anayelipwa ada na wewe, asiyelipwa kamisheni kwa bidhaa anazokuuzia. Wawe watatu wasiotoka ofisi moja, kila mmoja aone kazi ya mwenzake. Binamu aliyesomea biashara si mmoja wao. Mkimbie anayekuahidi faida ya uhakika, na asiwepo hata mmoja mwenye uwezo wa kuhamisha fedha bila saini yako.

## Watu

Ndugu watakuja. Niwape kiasi gani?

Watakuja, na wengi wao hawana ubaya. Ana mtoto wa kusomesha, ana paa linalovuja, na wewe unazo. Kosa la washindi wengi ni kuamua kesi moja moja, wakiwa wamesimama mlangoni. Aliyekuja wa kwanza akapata kingi, wa kumi akapata kidogo, na wa kumi ndiye anayeanzisha ugomvi wa ukoo.

Njia inayofanya kazi ni kupanga kabla hujatangaza. Kaa na karatasi, andika majina ya unaotaka kuwapa, andika kiasi, toa mara moja, na useme wazi kwamba ndiyo mwanzo na mwisho. Wenye daraja moja wapate sawa. Madeni ya wazazi lipa mwenyewe moja kwa moja kwa anayedai, na karo lipa shuleni. Kwa mengine, tenga fungu la mwaka na mtu wa tatu wa kulisimamia, ili jibu la "hapana" lisitoke kinywani mwako.

Usikopeshe. Deni kati ya tajiri na nduguye halilipwi, na hata likilipwa linaacha makovu. Kama unataka kutoa, toa. Angalia pia sheria: katika nchi nyingine zawadi kubwa hutozwa kodi, na anayedaiwa anaweza kuwa mtoaji.

Mwenzi wangu ana haki gani?

Mara nyingi kubwa kuliko unavyofikiri. Katika nchi nyingi kilichopatikana ndani ya ndoa huhesabiwa kuwa cha wote wawili, yeyote aliyeinunua tiketi. Waliojaribu kuificha tiketi hadi talaka ipite wameshapokonywa zawadi nzima na mahakama. Usijaribu.

Na majirani?

Utafiti uliofanywa Kanada ulionyesha kwamba zawadi ya mshindi ilivyokuwa kubwa, ndivyo kufilisika kulivyoongezeka miongoni mwa majirani zake wa karibu: walinunua vitu vya kuonekana ili wasiachwe nyuma. Uholanzi ipo bahati nasibu inayofuata namba za posta, na huko majirani wa washindi walionekana kununua magari zaidi. Kwa hiyo gari lako jipya si jambo lako peke yako.

Niache kazi?

Chukua likizo kwanza. Nchini Uswidi, ambako watafiti waliweza kuwafuatilia washindi kwa miaka mingi, kipato cha kazi kilipungua kila mwaka kwa takriban asilimia 1 tu ya zawadi. Wengi walipunguza saa badala ya kuacha kabisa. Kazi inakupa watu wa kuonana nao saa tatu asubuhi, na hao hawauzwi. Lakini kama bosi wako anakuua taratibu, ondoka kwa barua fupi ya adabu. Ile hotuba uliyoitunga miaka kumi ibaki moyoni.

## Baada ya vumbi kutulia

Ni kweli asilimia 70 ya washindi hufilisika?

Takwimu hiyo inazunguka kila mahali na haina msingi. Taasisi ya Marekani ambayo huhusishwa nayo, National Endowment for Financial Education, ilitoa taarifa mwaka 2018 ikisema haikutokana na utafiti wake wowote.

Kilichochunguzwa kweli ni kidogo zaidi, na kwetu kinatisha vya kutosha. Katika jimbo la Florida, watu walioshinda kati ya dola 50,000 na 150,000 walifilisika kwa uchache miaka miwili ya kwanza kuliko walioshinda kiasi kidogo. Kufika mwaka wa tatu hadi wa tano, ndio waliokuwa wakifilisika zaidi. Fedha ilikuwa imeahirisha tatizo.

Nitakuwa na furaha zaidi?

Utafiti maarufu wa 1978 uliwauliza washindi 22 wa jimbo la Illinois, na haukuona tofauti kubwa ya furaha kati yao na watu wengine. Umenukuliwa mno kuliko uwezo wa watu 22. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2020 uliona kwamba washindi wa zawadi kubwa waliridhika zaidi na maisha yao, na hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka kumi. Furaha ya siku hadi siku ilibadilika kidogo sana. Kwa maneno mengine, ukiulizwa maisha yanakwendaje utajibu vizuri zaidi, ila mwenzi mkorofi atabaki mkorofi.

## Mambo ya pembeni

Tulichanga kazini tukanunua pamoja. Tunagawanaje?

Kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya droo: majina, michango, nani hununua, na itakuwaje kwa aliyesahau kuchanga wiki ile. Huyo wa mwisho ndiye anayejaza mahakama. Picha ya tiketi itumwe kwa wote kabla ya namba kutoka.

Nimepata ujumbe kwamba nimeshinda, na sikununua tiketi.

Hukushinda. Bahati nasibu halali haimtafuti asiyecheza, na haiombi ada ya usajili, ya forodha au ya "kufungulia" fedha. Kodi ya kweli hukatwa kwenye zawadi au hulipwa serikalini. Ukishalipa ada ya kwanza, ya pili iko njiani.

Nikishinda nikiwa ugenini?

Unadai kwa sheria za huko. Marekani humkata asilimia 30 mgeni asiye mkazi. Kisha nchi yako nayo inaweza kudai chake, hivyo muulize mhasibu kama kuna mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili. Kununua tiketi ya nchi nyingine kupitia mtu wa kati ni jambo tofauti: yeye ndiye mwenye tiketi, wewe una ahadi.

Kwa Mwislamu, fedha hizi anaweza kuzitumia?

Qurani inakataza kamari katika Surat al-Maida, aya ya 90, na wanazuoni wengi huiweka bahati nasibu humo. Kwa aliyekwishashinda, jibu linalotolewa mara nyingi ni kuzitoa kwa wahitaji bila kutarajia thawabu ya sadaka. Hilo ni la kumwuliza shehe wako, na uliulize kabla ya kuzigusa, si baada ya nyumba kufika kwenye lenta.

Nikifa awamu hazijaisha?

Zilizobaki huingia kwenye mirathi. Kuna mtego: Marekani kodi ya mirathi hukadiriwa kwa thamani ya malipo yote yajayo, wakati fedha zenyewe bado zinakuja kidogo kidogo, na warithi hujikuta wanadaiwa wasichokuwa nacho mkononi. Bima ya maisha hutumika kuziba pengo hilo. Wosia uandikwe mwezi ule wa kwanza, pamoja na yale mengine uliyoyafanya kimyakimya.